Mahali Ardhi Ilipovuta Kidogo

Rispa hakumwamini yule mwalimu tangu siku ya kwanza, na sababu alikuwa nazo. Mtu mzima, mwenye kaunda suti na viatu vilivyopigwa rangi, anafika Macalder mwezi wa nane mwaka wa tisini na moja akiwa amekumbatia sanduku la mbao kama mtoto mchanga, halafu anasema hakufuata dhahabu. Watu huja Macalder kwa ajili ya dhahabu, au huja kumtafuta mtu aliyekuja kwa ajili ya dhahabu. Wa tatu Rispa hakuwahi kumwona, na alikuwa ameishi hapo miaka kumi na tisa.

Jina lake Nyamweya, Mgusii, mwalimu wa fizikia katika shule moja ya sekondari upande wa Kosele. Alikuwa na barua ya chifu, yenye muhuri, ikisema kwamba anafanya utafiti wakati wa likizo na wananchi wamsaidie. Alihitaji mahali pa kulala na mtu wa kumpikia. Javan, mume wa Rispa, ambaye angemkaribisha hata mwizi mradi tu abishe hodi, akampa nyumba ya marehemu mama yake iliyokuwa tupu. Rispa akakubali upesi mno. Mtu unayemshuku ni afadhali alale kwako, umwone anatoka saa ngapi na anarudi na nini kwenye viatu.

Kutoamini ndiyo iliyokuwa kazi yake, tena kazi ya kuheshimika. Wanawake waliosaga mawe kwenye kinu na kuchekecha mchanga kwa karai walimletea chembe zao azipime kabla ya kwenda kuziuza kwa Abdurahman mjini Migori. Hawakusema kwamba Abdurahman ni mwongo. Walitaka tu kufika kwake wakiwa wanajua. Mizani ya Rispa ilikuwa vikombe viwili vya bati na uzi, na mawe yake ya kupimia yalikuwa njiti za kiberiti na senti kumi ya zamani yenye tundu katikati. Alikuwa ameshika watu wengi kwa mizani ile: aliyechanganya dhahabu na vumbi la shaba, aliyeficha nta ya mshumaa chini ya kikombe, hata binamu yake mwenyewe aliyezoea kupumua juu ya mizani wakati wa kupima.

Javan alikuwa kinyume chake. Kwa miezi kumi na minne alikuwa akichimba shimo moja karibu na mto Kuja, yeye na Magige, Mkuria kutoka upande wa mpakani aliyeshika kamba juu wakati Javan yuko chini. Miezi kumi na minne ya udongo mwekundu na mawe matupu. Kila jioni Javan alisema kesho, na alisema kwa moyo mweupe kabisa, bila hila. Rispa alimpenda kwa hilo, na pia lilimchosha. Alihisi kwamba katika nyumba ile yeye ndiye aliyepewa mzigo wa kushuku kwa niaba ya wawili.

Basi akamchunguza mwalimu. Kila asubuhi Nyamweya alibeba sanduku hadi kwenye shimo kuu la mgodi wa wazungu, ule uliofungwa zamani, akashushwa kwa kamba ngazi kwa ngazi hadi maji yalipoanzia. Siku nyingine alizunguka juu ya ardhi, akipigilia vijiti kila baada ya hatua hamsini. Kwenye kila kijiti aliweka sanduku juu ya miguu mitatu ya chuma, akalisawazisha, akainama na kutia jicho kwenye kitundu, akazungusha kitufe polepole, akaandika, akaondoka. Siku moja alipokwenda kuoga mtoni, Rispa aliingia na kufungua daftari lake. Zilikuwa namba tupu, ukurasa baada ya ukurasa, bila neno moja la kueleweka. Hilo lilimtia wasiwasi zaidi kuliko kama angeona neno dhahabu, kwa sababu mtu asiye na la kuficha huandika maneno.

Siku ya nne, walipokuwa wakila, akamwuliza waziwazi mashine ile inapima nini.

Nyamweya alifurahi kuulizwa, na furaha hiyo nayo Rispa akaitia kwenye hesabu. Alisema inapima mvutano, yaani jinsi ardhi inavyovuta vitu chini. Ndani ya sanduku mna springi nyembamba na kijiwe kidogo kinachoning'inia. Ardhi ikivuta zaidi, kijiwe kinashuka kidogo, kidogo mno, na namba inapanda. Ikivuta kidogo, namba inashuka. Mashine si yake, ameazimwa na chuo kikuu Nairobi, na ikivunjika hatajua aseme nini.

"Na kikombe ya pili iko wapi?" Rispa akauliza. "Mizani iko na vikombe mbili, Mwalimu. Hii yako naona moja."

Mwalimu aliacha kula. Alimtazama kwa namna ambayo Rispa hakuipenda, kama mtu aliyegundua kwamba nyumba ina mlango wa nyuma.

"Mama, hilo ni swali zuri kuliko yote nimeulizwa huku," akasema. "Kikombe cha pili ni kanuni. Upande huu naweka kile mashine inasema. Upande ule naweka kile kanuni inasema ilipaswa kuwa. Halafu naangalia kama zinalingana."

Kisha akaanza, na hakunyamaza mpaka ugali ukapoa. Alisema watu wamelumbana juu ya jambo hili tangu zamani sana. Akamwuliza Rispa yeye anaonaje, kwa nini jiwe huanguka. Rispa akasema jiwe huanguka kwa sababu chini ndiko kwao, na kila kitu hurudi kwao. Nyamweya akapiga paja: hivyo hivyo ndivyo Wayunani walivyofundisha, na dunia iliamini karibu miaka elfu mbili. Baadaye akatokea Mwingereza aliyesema hakuna kwao wala kwa nani, kila kitu huvuta kila kitu, na akaandika kanuni ya kukokotoa. Wengine wakakataa. Walisema haiwezekani kitu kuvuta kingine bila kukigusa, huo ni uchawi. Mmoja wao akadai kwamba anga yote imejaa chembe ndogo zinazonyesha kama mvua kutoka kila upande, na dunia inatukinga mvua ya chini, hivyo ile ya juu inatusukuma. Javan aliipenda hiyo ya mvua. Aliinua uso kutazama paa.

"Lakini kanuni ya Mwingereza ilishinda," mwalimu akaendelea. Sayari moja ya mbali ilipoonekana kwenda kombo, Mfaransa mmoja alikaa na kalamu, akasema kanuni haina kosa, ila kuna kitu kilichojificha kinachoivuta. Akataja mahali. Watu wakaelekeza darubini, na kweli, palikuwa na sayari nyingine. Miaka michache baadaye sayari iliyo karibu na jua nayo ikaonekana kwenda kombo. Mfaransa yule yule akasema tena kuna kitu kimejificha. Akakipa hadi jina. Watu wakakitafuta zaidi ya miaka hamsini, na baadhi yao wakaapa kwamba wamekiona.

"Na kilikuwako?" Javan akauliza.

"Hakikuwako. Safari hiyo ni kanuni iliyokuwa na kasoro, ikabidi iandikwe nyingine." Nyamweya akamgeukia Rispa. "Mama, wewe ni mtu wa mizani. Vikombe vikikataa kulingana, unafanya nini?"

Rispa alijibu bila kufikiri, maana hilo alilijua kama jina lake. Ama kuna kitu kimefichwa kwenye kikombe, ama jiwe la kupimia ni la uongo. Yeye huanza na kikombe.

"Kwa nini?"

"Sababu watu wanaficha," akasema.

Mwalimu akaandika hayo kwenye daftari. Ndipo akaeleza kilichomleta: miaka mitano iliyopita wataalamu fulani wa ng'ambo, waliopima ndani ya migodi mirefu, walitangaza kwamba namba haziafikiani na kanuni. Wakadai kuna nguvu nyingine, dhaifu, inayosukuma kidogo pale mvutano unapovuta. Wengine wengi wamepima tangu hapo na kuwakanusha, na habari karibu imekwisha. Lakini hakuna aliyepima kwenye mgodi wa Nyanza. Alisema hayo kwa sauti ya chini, akitazama sahani yake. Rispa aliona wazi kwamba mtu huyu ana tamaa. Alichokosea ni tamaa ya kitu gani.

Siku ya saba mwalimu alipima nyuma ya kinu, penye kichuguu kikubwa ambacho hakuna aliyewahi kukichimba kwa sababu ng'ombe walikipenda. Rispa alikuwa akichekecha mchanga hatua chache kutoka hapo. Alimwona akiinama, akiinuka, akifuta kitundu kwa shati, akiinama tena. Aliandika, akaondoka. Baada ya saa moja akarudi. Alasiri akarudi mara ya tatu, na safari hiyo mikono yake ilitetemeka mpaka kalamu ikaanguka. Rispa akamwuliza ameona nini.

"Hakuna kitu," akasema haraka. Halafu akaongeza, bila kumtazama, kwamba angeshukuru jambo hilo lisitajwe kwa mtu, hasa watu wa Nairobi.

Kila mtu wa Macalder anajua maana ya mtu kurudi mahali pamoja mara tatu. Mchimbaji hurudi pale alipoona kitu. Asipoona, anasonga mbele, maana maisha ni mafupi. Na anayeulizwa ameona nini akasema hakuna kitu, huku anatetemeka, huyo ameshakwambia yote. Rispa aliona fahari, hakuificha moyoni. Alikuwa amemshika mwalimu kama alivyowashika wote.

Kesho yake Nyamweya alifunga sanduku akasema anakwenda Homa Bay siku kadhaa. Kuna mzee kule aliyekuwa akichora ramani za mgodi, anataka kuhakikisha jambo fulani. Aliliacha sanduku kwao kwa sababu barabara ingelivunja. Hata kabla hajafika kwenye lami, Rispa alishamwambia Javan.

Javan hakutaka. Alisema mwalimu ni mgeni wao, na amesema hakuna kitu. Rispa akamwuliza kama anadhani watu wanatetemeka kwa kutoona kitu. Akamwambia kwamba mwalimu amekwenda kuleta watu wenye mashine na leseni, na wakija, yeye Javan atakuwa wa kuwachotea maji. Tena akamwonya: mwalimu akirudi kabla hawajafika kwenye mwamba, atasema lolote ili watoke shimoni. Wasitoke. Mwishowe Javan akachukua sururu. Siku ile ile yeye na Magige walipiga shimo jipya ubavuni mwa kichuguu.

Udongo ulikuwa laini kwa namna ya ajabu. Walishuka pima moja, kimo cha mtu, karibu kila siku, na Javan alirudi jioni akiimba. Rispa alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu Edith, binti yao, alipopata nafasi ya kidato cha kwanza.

Nyamweya alirudi baada ya siku tisa, adhuhuri, kwa miguu kutoka stendi. Alikuwa amekonda. Alimkuta Rispa peke yake akimenya mihogo, akaketi bila kukaribishwa. Alisema safari ilikuwa bure kwake, maana ile nguvu mpya haipo. Alikuwa amekokotoa karatasi arobaini. Kisha mzee wa Homa Bay akamwonyesha ramani moja tu, na kazi yote ikaisha. Halafu akatazama upande wa kinu, akaona rundo la udongo mbichi, akasimama.

"Nani anachimba pale?"

Rispa akasema ni Javan, na akaendelea kumenya.

Mwalimu akatoa karatasi ya kahawia iliyokunjwa na kuitandaza juu ya meza. Kidole chake kikafuata mstari. Wazungu walichimba handaki chini ya kichuguu kile, refu, na paa lake liko pima kumi na moja tu kutoka juu. Walipoondoka, pampu zilizimwa na maji yakajaa. "Ndiyo maana namba ilishuka, Mama. Pale chini hakuna kitu. Ni patupu, na pamejaa maji. Wako pima ngapi?"

"Tisa," Rispa akasema, na akatabasamu, kwa sababu alikuwa amelitegemea jambo hili. Alikuwa hata amemwambia Javan litakavyokuja. Karatasi ya kahawia mtu yeyote anaweza kuichora. Alimwambia mwalimu kwa upole kwamba amechelewa, wenyewe wameshafika, na kama anataka sehemu yake aseme kama mwanamume badala ya kutisha watu na maji.

Nyamweya hakukasirika, na Rispa akashangaa. Aliingia ndani, akatoka na sanduku. Akaliweka mbele ya mlango wa jiko, akalisawazisha, akamwambia apime mwenyewe.

"Usiniamini mimi," akasema. "Wewe umeniambia mtu aanze na kikombe. Anza."

Rispa aliinama kwa dharau. Ndani ya kitundu mlikuwa na mstari mwembamba wa mwanga. Mwalimu akamwonyesha jinsi ya kuzungusha kitufe mpaka mstari utulie katikati, kisha asome namba. Akaisoma. Akamfanya aondoke, arudi, apime upya, na namba ikawa ile ile. Wakaenda kwenye kijiti cha njiani, kisha kingine karibu na kinu. Namba zilibadilika kidogo tu mwishoni, na kila mara mwalimu alimtajia kwanza ile ambayo kanuni ilidai. Zililingana. Mkono wa Rispa ulikuwa mwepesi, miaka kumi na tisa ya njiti za kiberiti haikupita bure. Walipofika penye kichuguu, upande wa pili wa shimo, alipiga magoti na kutia jicho, naye akazungusha. Ilibidi azungushe kurudi nyuma. Akazungusha tena kurudi nyuma.

Namba ilikuwa chini, chini sana kuliko ile iliyodaiwa.

Alibaki ameinama. Hakuna aliyehitaji kumweleza. Dhahabu ni nzito, hilo hata mtoto wa Macalder anajua, ni nzito kuliko chuma, na kama ardhi huvuta kwa sababu ya uzito wake basi penye dhahabu pangevuta zaidi. Hapa palivuta kidogo. Katika maisha yake yote hakuwahi kuona kikombe kikipanda kwa sababu kimejaa. Mwalimu alitetemeka siku ile kwa sababu alidhani jiwe la kupimia ni la uongo, na yeye Rispa alidhani kuna kitu kwenye kikombe, kumbe kikombe kilikuwa kitupu, na Javan yuko juu yake na sururu.

Mwanamke hakaribii mdomo wa shimo. Ndiyo desturi, na wala si ya kuandikwa: akikaribia, dhahabu inakimbia, na shimo linapumzishwa siku nne mpaka litulizwe kwa damu ya kuku. Rispa aliishika desturi hiyo kwa miaka yote bila kuiuliza. Sasa alizunguka kichuguu na kwenda moja kwa moja hadi kwenye magogo yaliyolazwa kuzunguka mdomo. Magige alimwona akaachama. Akanyoosha mkono kumzuia, Rispa akapita chini yake, akashika kamba na kuivuta mara tatu, ishara ya hatari.

Javan alipanda akiwa amejaa tope hadi kwenye nyusi. Tope, si vumbi. Alipoona ni nani aliyevuta kamba, alikunja uso.

"Ni mwalimu amekutuma," akasema.

"Hapana. Nimepima mwenyewe. Hakuna kitu, Baba Edith. Chini ni maji."

"Ulisema atasema hivyo."

Alisema kwa utulivu. Rispa akaonyesha tope kwenye suruali ya mumewe, akamwuliza limetoka wapi wakati hakujanyesha wiki tatu. Javan akajibu kwamba mwamba wenye dhahabu hutoa jasho, kila mtu anajua. Magige akatikisa kichwa kukubali. Kitu pekee kilichowazuia kurudi chini alasiri ile ni desturi yenyewe: shimo lilikuwa limeharibiwa na mwanamke na lazima lipumzike.

Habari zilifika kila mahali kabla ya jua kutua. Mke wa Javan, mpimaji, mtu anayejua dhahabu kuliko wote, amevunja mwiko mbele ya watu ili kumtoa mumewe shimoni. Ungedhani watu wangeogopa. Walifikiri, na wakafikia jibu moja: hakuna mwanamke mwenye akili anayefanya hivyo bure. Kichuguuni kuna utajiri, na Rispa na Mgusii wake wanautaka peke yao. Kufikia asubuhi, vigingi kumi na vitano, kila kimoja cha mtu anayedai mahali pa kuchimba, vilikuwa vimepigwa kuzunguka kichuguu, na wenyewe wamekaa wakinoa sururu, wakingoja siku nne zipite.

Rispa alizunguka kwa wote. Aliwaambia hakuna kitu. Walimsikiliza kwa adabu, wakamtabasamia, na alilijua tabasamu lile maana lilikuwa lake. Kadiri alivyosema hakuna kitu ndivyo vigingi vilivyoongezeka. Mwalimu alionyesha ramani, mmoja akainusa akasema wino bado mbichi. Chifu alikuwa amekwenda mkutanoni Migori, angerudi wiki ijayo. Wanawake wa kinu, ambao walimwamini hadi chembe ya mwisho ya vumbi, waliangalia pembeni. Usiku hakulala. Aliona aibu, na chini ya aibu hasira, kwa sababu aliwaelewa mno. Yeye mwenyewe angepiga kigingi.

Siku ya tatu asubuhi alimwendea Nyamweya, akamwambia anachotaka. Mwalimu alikataa. Alisema katika maisha yake hajawahi kuandika namba ambayo hakuiona, na hataanza leo, hata kwa jambo jema. Rispa akamwambia asiandike chochote, ainame tu.

Alifikiri sana. Mwishowe akachukua sanduku.

Walikwenda kwenye shamba la mihogo la Rispa, nyuma ya nyumba, ardhi ngumu ambayo babu yake Javan aliilima na ambayo chini yake hakuna aliyewahi kutoboa. Rispa alitazama kushoto na kulia kwa namna ambayo mtu aliye ng'ambo ya mto angeiona. Mwalimu aliinama. Wakaondoka haraka. Baada ya saa moja wakarudi, yeye Rispa akiwa amefunika sanduku kwa leso. Mwanamke mmoja wa kinu alipita njiani na kuuliza wanafanya nini, Rispa akajibu kwa ukali kwamba hakuna kitu. Alasiri walirudi tena. Kufikia jua kutua, hakukuwa na mtu hata mmoja penye kichuguu.

Walifika shambani alfajiri na sururu zao, watu wasiopungua arobaini. Rispa alisimama mlangoni akapiga kelele kama inavyotakiwa, akawatukana kwa majina, na machozi hayakuwa ya kuigiza, kwa sababu mihogo ile ilikuwa chakula chao hadi mwezi wa nne. Iling'olewa yote. Nyamweya aliaga siku hiyo hiyo. Alimpa mkono kwa mikono yake miwili, akasema akifika shuleni ataandika kwamba kwa kadiri alivyoweza kupima Macalder, kanuni inasimama, na kwamba hakuna atakayeyasoma maandishi hayo.

Mvua za mwezi wa kumi na moja zilipokuja, ardhi nyuma ya kinu ilizama mchana kweupe. Kichuguu, magogo na shimo la Javan vilikwenda vyote, pakabaki bwawa la maji meusi lenye upana wa kanisa. Hakuna aliyeumia. Watu walikwenda kutazama, na Rispa naye akaenda, akifikiri kwamba sasa hatimaye watasema. Magige alisogea ukingoni. Kisha akasema kwamba ni kama alivyodhani: dhahabu ilipofukuzwa pale na kuhamia shamba la mihogo, ardhi ingeshikiliwa na nini? Wenzake wakaona ni kweli. Wakarudi shambani na kuchimba kwa bidii zaidi.

Javan alikuwa miongoni mwao. Alikuwa na shimo lake kando ya ukuta wa jiko, la pima tano, kavu na imara. Jioni moja Rispa alimpelekea uji. Javan alipanda, akanywa amesimama, akamrudishia kikombe. Alitazama huku na huku kuhakikisha wako peke yao.

"Nyar Karungu," akasema taratibu, akimwita kwa jina la kwao, binti wa Karungu, kama siku za uchumba. "Watu wengine sawa. Lakini mimi ni mume wako. Niambie mimi peke yangu. Mliona nini?"

Rispa alimtazama: mikono yake, tope kavu, kifua kinachopumua. Yuko hai, akajiambia. Alitamani sana aaminiwe na mtu huyu mmoja.

"Hakuna kitu, Baba Edith," akasema. "Hapa hakuna, na kule hakukuwa. Nilitaka utoke tu."

Javan alitikisa kichwa polepole kukubali, akatabasamu kwa upole, akashika kamba na kushuka chini.